Kukata Vitenzi vya Kifaransa kwa Sikio

Katika Kiswahili jicho na sikio hukubaliana. Neno likiandikwa “wanalala”, msomaji hulikata wa-na-la-la, hutamka silabi nne, na huweka shadda kwenye silabi ya pili kutoka mwisho bila hata kufikiri. Kifaransa hakina makubaliano hayo, na mahali yanapovunjika zaidi ni katika kitenzi. Nomino nyingi za Kifaransa hubeba herufi moja au mbili za kimya mwishoni, lakini kitenzi kimejaa viambishi tamati vya nafsi na wakati ambavyo kalamu inalazimika kuviandika huku ulimi ukivipita kana kwamba havipo. Kwa hiyo kila umbo la kitenzi cha Kifaransa lina mikato miwili ya silabi, mmoja wa karatasi na mwingine wa kinywa, na mwanafunzi anayetoka katika Kiswahili hujifunza ule wa karatasi kwa siku chache, kisha akahangaika miaka kwa sababu hakuna aliyemwonyesha ule wa kinywa.

Mimi hufundisha Kifaransa hapa Arusha, na wengi wa wanafunzi wangu ni waongoza watalii. Mji huu umezoea kuisikia lugha hiyo: Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda ilifanya kazi zake hapa kwa Kiingereza na Kifaransa hadi ilipofungwa mwishoni mwa mwaka 2015. Lakini mwongoza watalii hana nafasi ya kujificha nyuma ya karatasi. Anasimama mbele ya wageni sita garini, simba wamelala chini ya mti, na sentensi yake inahitaji kitenzi kinachosikika sawasawa mara moja. Ndiyo maana nimelichukua suala hili la silabi kwa uzito mkubwa kuliko vitabu vya kiada vinavyolichukua, kwani vitabu hivyo huchapa jedwali la mnyambuliko na kumwachia mwanafunzi abahatishe namna ya kulisoma.

Nitaandika matamshi kwa herufi zetu kadiri inavyowezekana. Herufi u, sh na y zisomwe kama tulivyozoea. Zh ni sauti ya j ya Kifaransa. Alama ya wimbi juu ya irabu (õ, ã, ẽ) inaonyesha kwamba hewa inapita puani pia. Ë ni ile e hafifu ambayo Wafaransa huipunguza au huiangusha kabisa. Ü hutamkwa kwa midomo ya u na ulimi wa i. Herufi é na è zitabaki kama Wafaransa wanavyoziandika, ya kwanza ikitamkwa kwa kinywa kilichobana kidogo na ya pili kwa kinywa kilichofunguka zaidi.

Mkato wa karatasi hauna ugumu. Konsonanti moja ikiwa kati ya irabu mbili huenda na irabu inayofuata: fi-nir, a-vons. Konsonanti mbili hugawanywa, par-lons, fi-nis-sons, isipokuwa ya pili ikiwa l au r baada ya konsonanti kama b, c, d, f, g, p, t au v, kwani hapo zote mbili huenda pamoja: mon-trer, ou-blier. Jozi ch, ph, th na gn huandika sauti moja na hazitenganishwi, hivyo “gagner” hukatwa ga-gner, na gn yake ni ny yetu ya nyanya. Hayo yanatosha kwa anayeandika barua na kufika mwisho wa mstari.

Sasa tuchukue “parler”, yaani kusema, kitenzi ambacho karibu kila kitabu huanza nacho, katika wakati uliopo, kwa mpangilio wa mimi, wewe, yeye, sisi, ninyi na wao: je parle, tu parles, il parle, nous parlons, vous parlez, ils parlent. Karatasi inadai silabi mbili kwa kila umbo: par-le, par-les, par-lons, par-lez, par-lent. Kinywa kinadai vingine. Maumbo manne kati ya hayo sita, yaani je, tu, il na ils, hutamkwa kwa namna moja, silabi moja tu: parl. Mawili yaliyobaki ndiyo yenye silabi mbili, par-lõ na par-lé. Anayejifunza kwa jicho anaona maumbo matano tofauti ya kukariri. Anayejifunza kwa sikio anasikia matatu. Tena hilo la par-lé hulisikia hata katika “parler” na “parlé”, kwa sababu -er ya kitenzi kisichonyambuliwa, -ez ya vous na -é ya wakati timilifu zote huishia kwenye sauti ileile. Kwa wakati uliopita usiotimilika hali ni hiyohiyo: parlais, parlait na parlaient yote hutamkwa par-lè, na zile herufi tano za -aient hazitoi zaidi ya irabu moja.

Hiyo -ent ya nafsi ya tatu wingi ndiyo inayostahili kukaliwa kwa muda mrefu zaidi. Katika nomino na vivumishi, -ent hutamkwa ã: “content” ni kõ-tã, “lent” ni lã. Katika kitenzi cha ils na elles haitamkwi kamwe kama irabu ya puani. Kifaransa chenyewe kina maneno yanayoandikwa sawa na kutamkwa tofauti kwa sababu hiyo tu. “Le président” ni pré-zi-dã, silabi tatu, lakini “ils président”, wanaongoza kikao, ni pré-zid, silabi mbili. “Il convient”, inafaa, hutoka katika convenir na husomwa kõ-vyẽ. “Ils convient”, wanaalika, hutoka katika convier na husomwa kõ-vi. Maandishi hayawezi kumsaidia msomaji hapo. Anachoweza kufanya ni kutambua kwanza kwamba anashika kitenzi, na nafsi yake ni ipi, ndipo afungue mdomo.

Wanafunzi wengi wakishaambiwa kwamba -ent ni ya kimya huridhika na kuendelea, na hapo ndipo wanapopoteza jambo kubwa zaidi. Herufi hizo hazisikiki, lakini kazi zinayo: zinailinda konsonanti iliyo mbele yake isinyamaze. Konsonanti ya mwisho kabisa katika umbo la kitenzi cha Kifaransa kwa kawaida hunyamaza, na ikifuatwa na e yoyote, hata e bubu, huamka. Angalia “le lion dort”, simba analala: t imenyamaza, tunasikia dor. Kisha “les lions dorment”, simba wanalala: m imeamka, tunasikia dorm. “Il boit” ni bwa, mwanzo kabisa wa neno letu bwana, na “ils boivent” ni bwav. “Il vend” ni vã, “ils vendent” ni vãd. “Il finit” ni fi-ni, “ils finissent” ni fi-nis. Katika vitenzi hivi wingi wa Kifaransa haukai katika silabi ya mwisho iliyoandikwa, unakaa katika konsonanti inayofunga silabi iliyotamkwa.

Wakati mwingine kuamka kwa konsonanti hubadilisha hata irabu. “Il vient” ni vyẽ, kwa hewa ya puani, lakini “ils viennent” ni vyèn: n imekuwa konsonanti halisi, na irabu iliyotangulia imerudi kinywani. Vivyo hivyo “il prend”, prã, na “ils prennent”, prèn. Mwanafunzi anayetamka vyẽ-nã au prè-nã amefanya makosa mawili kwa pamoja, ameongeza silabi na ameharibu ishara pekee ya wingi. Nikimsikia darasani, simwambii tu anyamazishe -ent. Namwambia aifunge ile n kwa ncha ya ulimi na kuishia hapo.

Kufunga silabi ndiko kunakomshinda Mswahili, na sababu inajulikana. Silabi zetu huishia kwa irabu, na maneno tuliyoyapokea kutoka nje tumeyapa irabu ya mwisho karibu yote: basi, benki, hoteli, kilabu. Ulimi uliozoea hivyo ukifika kwenye dorm unataka kusema dormu au dorme. Nisingependa mwanafunzi ajitese sana kwa hilo la pili, kwa kuwa watu wa kusini mwa Ufaransa, Toulouse na Marseille, huitamka ile e ya mwisho katika mazungumzo yao ya kila siku, na hakuna anayewaambia kwamba hawajui Kifaransa. E hafifu baada ya m haiharibu maana. Irabu ya puani mahali hapo ndiyo inayoharibu.

Lakini kuna dawa iliyo bora kuliko kulazimisha midomo. Kifaransa kinapenda silabi wazi karibu sawa na Kiswahili, ila kinazipata katika mfululizo wa sentensi badala ya katika neno moja moja. Konsonanti inayofunga neno, neno linalofuata likianza kwa irabu, huhama na kwenda kufungua silabi ya neno hilo. “Les lions dorment à l'ombre”, simba wanalala kivulini, haikatwi kufuata nafasi kati ya maneno, hukatwa lé-lyõ-dor-ma-lõbr. Ile m iliyokuwa ngumu kuifunga imekuwa ma, silabi ambayo mtoto yeyote wa Kiswahili huisema kabla ya kuota meno. “Ils boivent ici” ni il-bwa-vi-si. Kwa hiyo siku hizi siwapi wanafunzi maumbo ya ils yakiwa peke yake mpaka wameyasema mara nyingi yakifuatwa na à, au ici, au ensemble. Wakishaizoea ile v ya bwa-vi-si, kuikata irabu ya nyuma na kubaki na bwav huwa ni hatua ndogo.

Si vitenzi vyote vilivyo na ishara hiyo. “Il traverse” na “ils traversent”, kama nyumbu wanapovuka mto Mara, yote ni tra-vèrs, silabi mbili, na msikilizaji hawezi kujua ni mmoja au ni maelfu isipokuwa kwa “le gnou” na “les gnous”. (Neno gnou, kwa njia, ni miongoni mwa machache ambayo gn yake haisomwi ny: g na n husikika zote mbili.) Kitenzi kinachoanza kwa irabu kina njia ya tatu: “il arrive” ni i-la-riv, “ils arrivent” ni il-za-riv, na z hiyo, ambayo ni s ya ils iliyoamshwa na irabu, ndiyo inayobeba wingi wote wa sentensi. Uzito wake unaonekana vizuri zaidi katika “ils ont”, wana, ambayo ni il-zõ, na “ils sont”, wao ni, ambayo ni il-sõ. Mwongozaji aliyetaka kusema kwamba duma wana njaa, “ils ont faim”, akatoa s badala ya z, amesema jambo jingine kabisa.

Waliokulia katika parokia za Bujumbura au Bukavu wana hazina ya mazoezi haya midomoni mwao tayari, katika sala ya Baba Yetu. “Comme nous pardonnons aussi à ceux qui nous ont offensés” ina viungo viwili vinavyofuatana, nu-zõ-to-fã-sé: s ya nous imekwenda kwa ont, t ya ont imekwenda kwa offensés. Na “que ton règne vienne” inaishia kwa vyèn ileile ya simba wanaokuja. Mwaka 2017, tarehe 3 Desemba, Kanisa la Ufaransa lilibadilisha ombi moja la sala hiyo, “ne nous soumets pas à la tentation” likawa “ne nous laisse pas entrer en tentation”. Kwa upande wa silabi, su-mè iliyoishia wazi ilipisha lès iliyofungwa kwa s.

Tugeukie ile e iliyo katikati ya kitenzi, kwa sababu hapo ndipo tahajia ya Kifaransa, ambayo wengi huilaumu kwa fujo, inapoonyesha kwamba inafuata silabi kwa uaminifu. Kwa nini “appeler” ina l moja na “j'appelle” ina mbili? Kwa nini “acheter” haina alama na “j'achète” inayo? Jibu liko katika mkato wa kinywa. Katika “nous appelons” e imo katika silabi wazi isiyo na mkazo, ap-pe-lons, nayo huanguka kabisa katika usemaji: nu-za-plõ. Katika “j'appelle” ile e ya mwisho ni bubu, kwa hiyo l inarudi nyuma kuifunga silabi, na silabi hiyo sasa ndiyo ya mwisho na ndiyo yenye mkazo: zha-pèl. E hafifu haiwezi kubeba mkazo wa silabi iliyofungwa, hivyo hufunguka na kuwa è. Tahajia inahitaji kuonyesha mabadiliko hayo, na imejipatia njia mbili za kufanya hivyo, ama kwa kurudia konsonanti, j'appelle, je jette, ama kwa kuweka alama, j'achète, je lève, je pèse.

Mwanafunzi akilielewa hilo, orodha ndefu ya “vitenzi vinavyobadilika mzizi” hupungua na kuwa kanuni moja: sikiliza kama silabi imefungwa. Nous levons, silabi wazi, lë-võ. Ils lèvent, silabi iliyofungwa, lèv. Hata “préférer” na “je préfère” ni jambo lilelile, é ikiwa katika silabi wazi na è ikiwa katika iliyofungwa. Kwa muda mrefu tahajia iliasi kanuni hiyo katika wakati ujao, ikaandika “je préférerai” kwa é ingawa wengi walikuwa wanatamka è, kwa kuwa e inayofuata huanguka na r huifunga silabi. Marekebisho ya tahajia yaliyochapishwa katika gazeti rasmi la serikali ya Ufaransa tarehe 6 Desemba 1990 yaliruhusu “je préfèrerai”, yakaruhusu pia vitenzi vingi vya -eler na -eter viandikwe kwa è badala ya konsonanti mbili, isipokuwa appeler, jeter na jamaa zao. Maandishi ya zamani hayakufutwa, na vitabu vinavyouzwa bado vinatofautiana. Mimi huwafundisha wanafunzi njia mpya na kuwaonyesha ya zamani, kwa sababu mpya inakwenda na sikio.

Wakati ujao una suala lake. Tunaambiwa kwamba huundwa kwa kuongeza -ai, -as, -a, -ons, -ez, -ont kwenye kitenzi kizima, nayo ni kweli kwa kalamu. Kinywa huuliza swali moja zaidi: ile e ya -er- itamkwe au iangushwe? Katika “nous mangerons” huangushwa bila shida, mãzh-rõ, silabi mbili. “Nous arriverons” ni a-ri-vrõ, tatu. Lakini jaribu kuiangusha katika “nous traverserons” utajikuta na r, s na r zimesongamana mahali pamoja, jambo ambalo Kifaransa nacho hakilipendi. Kwa hiyo e hubaki, tra-vèr-së-rõ, silabi nne. Mwanaisimu Maurice Grammont aliieleza tabia hii kuwa kanuni ya konsonanti tatu: e hafifu hubaki pale ambapo kuondoka kwake kungekutanisha konsonanti tatu. Ndiyo inayofanya “je donnerai” iwe don-ré na “je parlerai” iwe par-lë-ré, ingawa kwenye karatasi maumbo hayo mawili yana idadi moja ya silabi. “Vous resterez dans la voiture”, mtabaki garini, ni rès-të-ré. Hapa kuharakisha hakumfanyi msemaji asikike Mfaransa zaidi.

Na kuna jambo ambalo sijaliona likielezwa vizuri katika vitabu ninavyotumia, nalo ni la manufaa makubwa kwa yeyote anayehudumia wageni. Umbo la adabu, “vous aimeriez”, mngependa, linatofautiana na “vous aimerez”, mtapenda, kwa herufi i moja. Kwa jicho tofauti ni ndogo. Kwa sikio ni kubwa, kwa sababu ry haivumilii konsonanti nyingine mbele yake, na e iliyoanguka katika wakati ujao hulazimika kurudi. “Vous aimerez” ni èm-ré, silabi mbili. “Vous aimeriez” ni è-më-ryé, silabi tatu. Ndivyo ilivyo pia kwa mangeriez, mã-zhë-ryé, na donneriez, do-në-ryé. Mwanafunzi anayeitafuta tofauti katika ile i peke yake huikosa mara nyingi, maana ry ni nyembamba na sikio la mgeni aliyechoka huipita. Anayeirudisha ile ë husikika vizuri hata injini ikiwa inaunguruma.

Hapo tumegusa kundi la i pamoja na irabu, na katika hili Kiswahili kinatusaidia. Viyeyusho vyetu, yaani y na w, vile vya vyakula, bwana na mwaka, ni ndugu wa karibu wa viyeyusho vya Kifaransa: “vient” ni vyẽ, “doit” ni dwa, “étudier” ni é-tü-dyé, silabi tatu wala si nne. Anayekata é-tu-di-er amerudi kwenye jicho. Hata hivyo konsonanti mbili zikitangulia, ya pili ikiwa l au r, kiyeyusho hakiwezi kubanwa tena na i hupata silabi yake: “criez” ni kri-yé, “oubliez” ni u-bli-yé, “voudriez” ni vu-dri-yé. Basi “n'oubliez pas vos jumelles”, msisahau darubini zenu, huanza na silabi nne, nu-bli-yé-pa, na “ne criez pas”, msipige kelele, haiwezi kusemwa kryé hata kwa haraka kiasi gani. Linganisha na “vous pourriez”, mngeweza, ambayo r yake iko peke yake na kwa hiyo ni pu-ryé, mbili tu.

Yapo machache yasiyo na kanuni ambayo ni ya kukariri tu. “Nous faisons” huandikwa ai na kutamkwa ë, fë-zõ, na vivyo hivyo “je faisais”, fë-zè, ilhali “je fais” ni fè kama inavyotarajiwa. “J'ai eu”, nimekuwa na, ni zhé-ü, na hiyo eu yote ni ü peke yake. “Il crée” ni kré, silabi moja, na “il a créé” ina kré-é, silabi mbili, é ya pili ikitamkwa wazi. “Il courait” na “il courrait” hutofautishwa kwa kuiburuza r ya la pili.

Kitenzi kinapopinduliwa ili kuuliza, mkato hubadilika tena, na Kifaransa hufanya kila kiwezalo kisiache irabu mbili zigongane. “Prend-il” ni prã-til, d ikigeuka t. “Va-t-elle” imepewa t ambayo haikuwa katika kitenzi, va-tèl, na “y a-t-il” ni ya-til. Katika kuamrisha, “va” hurudishiwa s mbele ya y, ikawa “vas-y”, va-zi, na “parle” ikawa “parles-en”, par-lë-zã. Herufi hizo zimewekwa kwa ajili ya silabi peke yake, na mwanafunzi akijua kazi yake hazisahau.

Waimbaji wa kwaya wana ugumu wa pekee, kwa sababu katika ushairi wa kale na katika nyimbo e bubu iliyofuatwa na konsonanti huhesabiwa kuwa silabi kamili. Katika wimbo wa taifa wa Ufaransa, uliotungwa na Rouget de Lisle mwaka 1792, mstari “ils viennent jusque dans vos bras” una silabi nane, na “viennent” inachukua mbili kati ya hizo, vyè-në. Anayejifunza vitenzi kwa nyimbo, na kwetu wako wengi, asishangae kwamba Mfaransa anayezungumza haimbi hiyo -në, na wala asiigeuze kuwa -nã katika wimbo wala katika mazungumzo.

Limebaki suala la shadda. Sisi huiweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho popote neno lilipo; Mfaransa huiweka kwenye silabi ya mwisho inayotamkwa ya kundi zima la maneno, na huirefusha kidogo badala ya kuipiga kwa nguvu. “Nous traversons” ina mkazo kwenye sõ. “Nous traversons la rivière” haina mkazo kwenye sõ tena, umehamia vyèr. Kwa kuwa e bubu haihesabiki, ni lazima mtu awe amekata silabi za kinywa kwa usahihi kabla hajajua mkazo unakaa wapi, na ndiyo maana mimi huliacha somo la shadda mpaka mwisho. Zoezi ninalolitumia ni kuchukua kitenzi kimoja na kukirefushia mkia polepole: ils dorment, dorm, ils dorment encore, dor-mã-kor, ils dorment encore à l'ombre, dor-mã-ko-ra-lõbr. Katika kila hatua mwanafunzi hupiga kofi moja tu, kwenye silabi ya mwisho, na huandika mstari mmoja wa tahajia na mstari mwingine wa kile alichokisikia, akikilinganisha cha pili na rekodi ya msemaji mzawa na wala si na kitabu.